Dirisha la Nota: Nani Anausahihisha Muziki Wetu?

Makala haya nayaandika nikiwa na deni. Mwaka uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa watahini wa miradi ya wanafunzi wa sanaa. Mbele yangu iliwekwa kazi ya kijana mmoja mwenye bidii: kurasa sita za nota za muziki, zimechapwa safi, mistari imenyooka, maneno ya wimbo yamepangwa silabi chini ya nota. Niliisifu mbele ya wenzangu, nikampa alama ya juu. Leo naamini kuwa alama ile niliitoa kwa kosa, na kwamba kosa lenyewe halikuwa la kijana yule peke yake.

Kijana alikuwa amesafiri hadi kijiji kimoja mkoani Dodoma, akamrekodi mzee wa Kigogo anayeimba huku akipiga zeze. Aliporudi aliiingiza sauti ya mzee kwenye kompyuta, akaiamuru programu iigeuze kuwa data ya MIDI, kisha akafungua dirisha la nota. Alichokiona kilimtisha. Ukurasa ulijaa vituo vidogovidogo, nota zilizofungwa kwa nyuzi nyingi, shapu na flati zisizo na mpangilio. Akafanya kile ambacho mafunzo ya video yanafundisha: akabonyeza amri ya kunyoosha, ambayo maprodyuza wetu huiita kukwantaizi. Kila nota ikarukia mahali pake kwenye gridi. Ukurasa ukawa safi. Na kwa kuwa diski yake ilikuwa imejaa, akahifadhi faili jipya juu ya lile la kwanza, na rekodi ghafi akaifuta.

Miezi michache baadaye alirudi kijijini kumsalimu mzee na kumpelekea matunda ya kazi. Akampigia wimbo kutoka kwenye simu. Mzee alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mwimbaji wenu anajua kuimba. Lakini huyo si mimi, na wimbo huo si wetu." Kijana akaomba warekodi upya. Mzee akakataa. "Kama kompyuta inaujua kuliko mimi," alisema, "iambieni iwaimbie."

Kijana alikuja ofisini kwangu na habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa. Akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeimba kwaya kwa zaidi ya miaka 20, nilikuwa nimempa alama ya juu, na sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Najua baadhi yenu mtauliza: mhadhiri wa siasa na maendeleo ana shughuli gani na nota? Nina shughuli nazo kwa sababu kila panapoandikwa jambo lililokuwa halijaandikwa, pana mtu anayeamua. Karani anapokosea herufi moja ya jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, si yeye atakayehangaika. Ni wewe utakayetafuta hati ya kiapo kuthibitisha kuwa wewe ni wewe. Maandishi yana nguvu kuliko mwenye jina. Sasa nchi nzima tumeanza kuuingiza muziki wetu kwenye kompyuta, na karani aliyekaa dirishani ni programu. Hatujamwuliza anaandika kwa kanuni gani.

Tuanze basi na mashine yenyewe, kwa maana hasira bila maarifa ni kelele.

MIDI ni makubaliano ya watengenezaji wa vyombo vya muziki ya mwaka 1983. Makubaliano haya hayabebi sauti, wala hayabebi nota kama mwanakwaya anavyozijua. Yanabeba taarifa za matukio: kitufe namba fulani kimebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, kisha kimeachwa. Namba za vitufe ni 0 hadi 127, na C ya kati ni 60. Basi. Humo hamna robo wala nusu, hamna mstari wa kipimo, hamna jina la nota. Namba 61 inaweza kuwa C shapu au D flati. Kwa mtu anayesoma, hayo ni mambo mawili yenye maana mbili, lakini kwa mashine ni namba moja.

Kwa hiyo unapofungua dirisha la nota ndani ya programu ya kuzalisha muziki, huoni muziki uliorekodiwa. Unaona tafsiri yake. Programu imekisia. Imetazama nota iliyoanza kidogo kabla ya pigo ikaamua kuwa "alikusudia" ianze kwenye pigo. Imetazama namba 61 ikaamua iitwe C shapu, kwa sababu hivyo ndivyo ufunguo wa wimbo ulivyowekwa, na kama hukuuweka wewe, imejiwekea. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimeshaamua kuwa kipimo ni nne kwa nne na mwendo ni mapigo 120 kwa dakika. Hujacheza hata nota moja, tayari umeshapangiwa mwendo.

Sasa lifuatalo ndilo jambo ambalo kijana yule hakuambiwa, na mimi mtahini sikulijua. Kuna kunyoosha kwa aina mbili. Katika programu kama Logic Pro na Cubase upo mpangilio unaonyoosha kile kinachoonekana tu: nota kwenye ukurasa zinaandikwa kwa urahisi wa kusomeka, lakini matukio yenyewe hayaguswi, na ukicheza utasikia kila kitu kama kilivyorekodiwa. Na ipo amri nyingine inayosogeza matukio yenyewe. Kwa macho, kurasa mbili zinaweza kufanana kabisa. Kwa masikio, moja ni mzee wa Dodoma na nyingine ni gridi.

Watumishi wa umma wataelewa haraka kwa mfano huu. Mwandishi wa Hansadi anayeondoa vigugumizi ili taarifa isomeke amefanya kazi yake. Mwandishi anayebadilisha alichosema mbunge, kisha akaifuta kanda ya sauti, amefanya jinai. Kijana wetu alidhani anafanya la kwanza. Kitufe alichobonyeza kilifanya la pili.

Pana utata mwingine katika kuhariri. Ndani ya programu ya uzalishaji, ukishika kichwa cha nota kwa kipanya ukakivuta mstari mmoja juu, hujarekebisha maandishi; umebadilisha sauti. Umeingiza neno kinywani mwa mwimbaji. Katika programu za uandishi wa nota kama MuseScore, Sibelius au Dorico, mambo yamegeuzwa: alama iliyoandikwa ndiyo chanzo, na sauti hutokana nayo. Mtu aliyezoea upande mmoja akaingia upande wa pili bila kuambiwa atafanya uharibifu kwa nia njema kabisa. Nia njema ndiyo iliyotuletea mengi ya yale tunayoyalilia katika nchi hizi.

Tuje kwenye sauti zenyewe. Gridi ya programu hizi, iwe gridi ya kinanda au mistari mitano, ina masanduku 12 katika kila oktava. Wataalamu huigawa oktava katika senti 1200, senti 100 kwa kila nusutoni. Mpangilio huo ulienea Ulaya kwa sababu zake za haki: kinanda kimoja kiweze kucheza funguo zote bila kusetiwa upya. Lakini muziki wa Wagogo haukuzaliwa kwenye kinanda. Watafiti, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kuwa ngazi yake inafuata mfululizo wa sauti asilia zinazosikika ndani ya sauti moja nene. Katika mfululizo huo sauti ya saba inakaa kwenye senti 969 hivi juu ya msingi, ukiileta ndani ya oktava moja. Sanduku la karibu la programu liko kwenye senti 1000. Tofauti ni senti 31, karibu theluthi ya nusutoni. Sauti ya tano nayo inakaa kwenye senti 386 hivi, wakati sanduku liko kwenye 400.

Mtu atasema: senti 31 ni nini? Ni kitu kilekile kinachomfanya mzee aseme "huyo si mimi". Mwimbaji wa Kigogo haimbi B flati iliyoshuka. Anaimba sauti iliyo sahihi kabisa kwa sikio lake na la babu zake. Ni sanduku ndilo lililo juu. Lakini kwenye skrini mwenye makosa anaonekana ni yeye, kwa sababu mashine inaonesha umbali wake kutoka kwenye sanduku, wala haioneshi umbali wa sanduku kutoka kwake. Hapa ndipo siasa inapoingia, na haikuingizwa na mimi.

Unguja nako wanalijua hili. Taarabu ya klabu kama Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilichota katika maqam za Kiarabu, ambazo baadhi yake zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Udi hauna vizuizi shingoni, fidla haina, kwa hiyo mpigaji anaziweka sauti hizo anapotaka. Kibodi ilipoingia taarabu ilikuja na masanduku 12, na masikio ya kizazi kizima yakafundishwa upya bila mkutano wowote kuitishwa.

Je, basi mashine ni adui? La hasha. Hapo ndipo wengi wa wenzangu wanaopenda kulaani teknolojia wanapojikwaa. Programu hizi zinaweza. Logic Pro inaruhusu kuweka jedwali la tuni tofauti na lile la kawaida. MIDI yenyewe ina taarifa ya kupindisha sauti yenye ngazi 16,384, za kutosha kumfuata mzee popote anapokwenda. MuseScore, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ina alama za robo toni. Dorico inaruhusu mtumiaji kuunda mfumo wake wa sauti na alama zake. Milango yote hiyo ipo, na haijafungwa kwa ufunguo. Tatizo letu ni kwamba tunaishi katika mipangilio ya awali. Programu ikifunguka na masanduku 12 na nne kwa nne, tunadhani ni sheria ya maumbile, kumbe ni pendekezo la mhandisi aliyekuwa anawafikiria wateja wake wa karibu.

Nimezungumza haya na watu wengi tangu kijana yule aje ofisini, na nimekutana na wapinzani wa aina mbili. Wote wawili nawaheshimu, na wote wawili wamekosea.

Wa kwanza ni mwanaharakati. Anasema: "Daktari, nota za mistari mitano ni ukoloni. Muziki wa Kiafrika ni wa masikio. Tuachane na dirisha hilo." Maneno hayo yanapendeza jukwaani. Lakini namwuliza: wimbo tunaousimamia kwa heshima kila sherehe ya taifa umetufikiaje? Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897, na aliandika nyimbo zake kwa mfumo wa tonic sol-fa, ule wa d, r, m ambao wanakwaya wetu wanaujua hadi leo. Sontonga alifariki mwaka 1905. Tuni yake imevuka mipaka na ndiyo tunayoimba kama Mungu Ibariki Afrika. Mfumo huo wa sol-fa ulianza Uingereza kwa Sarah Glover wa Norwich, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, kwa lengo la kuwafundisha kuimba watoto na watu wa kawaida wasio na vinanda. Ulikuja Afrika mikononi mwa wamisionari, ni kweli. Lakini ukiingia leo kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia au usharika wowote, utakuta fundi cherehani na muuza mboga wakisoma sauti zao kwenye karatasi ya sol-fa bila kumwomba mtu ruhusa. Chombo kilichokwishatumikishwa na wanyonge hakibaki mali ya aliyekileta.

Tena nasema: kama ni kulalamika, tulalamike kwa usahihi. Logic Pro na Cubase zina dirisha la mistari mitano. Hazina dirisha la sol-fa. Maelfu ya wanakwaya wanaojua kusoma muziki wanahesabiwa mbele ya programu hizi kuwa hawajui kusoma. Vijana wa kompyuta katika vyuo vyetu wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, kazi hiyo hapo: andikeni kipande cha programu kinachogeuza faili la nota kuwa karatasi ya sol-fa nadhifu, na kinyume chake. Msimbo wa MuseScore uko wazi. Hakuna mkoloni aliyesimama mlangoni.

Mpinzani wa pili ni prodyuza. Anasema: "Mzee, nyimbo zinazotingisha Afrika zinatengenezwa na watu wasiojua nota hata moja. FL Studio na Ableton Live hazina hata dirisha la kuhariri nota, na zinatosha." Ni kweli, na simwombi radhi mtu yeyote kwa kutojua nota. Siti binti Saad hakuhitaji mistari mitano kuwa Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV, na sauti yake ikarudi Afrika Mashariki ndani ya santuri. Sauti ilikuwa yake. Santuri ilikuwa ya kampuni.

Hoja yangu haihusu kipaji. Inahusu ushahidi. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na jina lenyewe lingetosha kutuamsha: kuna haki ya aliyetunga, na kuna haki nyingine ya aliyeimba na ya aliyetengeneza rekodi. Utungo na rekodi ni vitu viwili. Sasa tuangalie hali ilivyo studioni. Binti anakuja na wimbo kichwani. Anauimba kwenye maikrofoni. Prodyuza anaupanga, anaunyoosha, anaongeza besi na midundo, anauhifadhi kama mradi ndani ya kompyuta yake, katika muundo unaofunguka kwenye programu yake tu. Binti anaondoka na faili la MP3 kwenye simu. Wakigombana kesho, utungo wake uko wapi? Uko ndani ya nyumba ya mtu anayegombana naye.

Mnakumbuka Malaika. Fadhili William aliurekodi, dunia ikaupokea, na hadi leo wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, na wapo wanaotaja wengine. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Nasema tu kwamba wimbo maarufu kuliko nyimbo zetu zote umebaki na ubishi juu ya baba yake, na watu hutegemea kumbukumbu na simulizi kuumaliza. Afrika Kusini walipata somo kali zaidi. Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka 1939. Santuri ilimfikia Pete Seeger Marekani, akausikiliza, akauandika kwa sikio, akalisikia vibaya neno la Kizulu, na kosa lake likawa jina la wimbo: Wimoweh. Mwaka 1961 The Tokens wakautoa kama The Lion Sleeps Tonight. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Utungo ulikuwa wa Linda, lakini karatasi ziliandikwa na wengine, pamoja na makosa yao, na fedha zikafuata karatasi.

Binti wa studioni hahitaji shahada ya muziki. Anahitaji ukurasa mmoja: tuni yake, maneno yake, tarehe, jina lake, uliotolewa kwenye dirisha la nota kabla ya prodyuza kuongeza chake. Hata FL Studio, isiyo na dirisha hilo, inaweza kutoa karatasi ya nota kutoka kwenye gridi yake ya kinanda. Ni kazi ya dakika chache. Prodyuza anayekataa kuitoa, mwulizeni kwa nini.

Sasa niwaelekee watumishi wa umma, ambao najua mnasoma hapa hata kama hamwachi maoni. Tunazungumza sana siku hizi juu ya kuhifadhi urithi kidijitali. Naomba mjiulize: tunahifadhi katika nini? Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu ya kuandika nota iliyokuwa imetumika duniani kwa miaka 35. Watunzi, wachapishaji na vyuo vya mataifa makubwa waliamka na kukuta kazi za maisha yao zimo ndani ya mafaili ambayo programu yake haina kesho. Walionusurika kwa urahisi ni waliokuwa na tabia ya kutoa nakala katika MusicXML, muundo ulio wazi ambao programu nyingi za nota zinausoma, na ambao sasa unasimamiwa na kikundi cha wadau chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Kama hayo yaliwapata wenye fedha, sisi wenye kompyuta moja ofisini na programu ya kunakiliwa tumejikinga na nini?

Na msidhani faili la MIDI linatosha. MIDI, kama nilivyoeleza, inabeba namba. Jina la nota, mashada ya midundo, maneno chini ya tuni, alama za kupumua: hayo huandikwa kwenye MusicXML. Wala MusicXML haitoshi bila sauti, kwa sababu hakuna ukurasa unaobeba sauti ya mzee. Vitu hivi vinashikana kama mafiga, na mafiga huwa matatu.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya, na nayaandika kwa namna ambayo mtu anaweza kuyanakili na kuyaweka mezani kwa mkuu wake wa idara.

Mosi, rekodi ghafi haifutwi. Kazi yoyote ya kuhariri ifanyike kwenye nakala. Diski ya nje ni bei ndogo kuliko safari ya pili ya Dodoma, hasa pale mwenyeji atakapokuwa amekataa kuimba.

Pili, kila kazi ya urithi ikabidhiwe kwa vitu vitatu pamoja: sauti ghafi katika WAV, nota katika MusicXML, na ukurasa uliochapwa katika PDF. Taasisi inayopokea faili la mradi wa programu moja peke yake imepokea sanduku bila ufunguo.

Tatu, kila ukurasa wa nota uandikwe chini yake kwa sentensi mbili ni nini kilichofanywa: je, nota zilinyooshwa kwa macho tu au matukio yalisogezwa? Je, sauti zilivutwa kwenye masanduku 12, na zile zilizokataa zilikuwa umbali gani? Mtafiti wa takwimu hataruhusiwa kutetea tasnifu bila kueleza alivyosafisha data yake. Kwa nini mtafiti wa muziki aruhusiwe?

Nne, kipimo kiulizwe kwa wachezaji kabla ya kuulizwa kwa programu. Ngoma inayokwenda kwa makundi ya mapigo matatumatatu ikilazimishwa ndani ya nne kwa nne itaonekana kwenye ukurasa kama fujo, na fujo ndiyo inayomshawishi kijana kubonyeza kile kitufe. Mara nyingi uchafu wa ukurasa ni dalili kwamba mwandishi ameweka mistari mahali pasipo pake. Atazame miguu ya wachezaji. Watamwonesha mstari ulipo.

Tano, na hili ndilo nililolisahau mimi: ukurasa urudishwe kwa mwenye wimbo kabla ya kwenda kwa mtahini. Usomwe kwa kuimbwa mbele yake. Akisema "huyo si mimi", kazi haijakamilika, hata kama inapendeza machoni pa madaktari watatu wenye miwani.

Wanafunzi wangu, nawaomba mlifungue dirisha hilo. Lifungueni ili mjue mashine imewaandikia nini, na mlifungue mkiwa na ujasiri wa kuibishia. Kutojua kusoma kunakufanya mtumwa wa anayejua. Kusoma bila kubisha nako kunakufanya tarishi wa aliyeandika. Kati ya hayo mawili sitaki kuwaona katika lolote.

Kuhusu deni langu: alama ya kijana yule siwezi kuibadilisha, matokeo yalikwishapitishwa. Nimeandika maoni mapya ya mtahini na kuomba yawekwe kwenye jalada pamoja na zile kurasa sita. Na likizo ijayo tutakwenda wote wawili Dodoma. Hatutabeba kinasa sauti. Hilo litakuwa uamuzi wa mwenyeji, na akikataa tena atakuwa na haki. Tutapiga hodi, tutamwamkia shikamoo, tutaomba radhi. Kisha, akiridhia, nitamwimbia zile kurasa kama zilivyoandikwa, yeye atanisahihisha, na kijana atashika kalamu nyekundu.

Naomba kuwasilisha.